Tarakimu Nne za Ubavuni

4 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yako anapokea Mama Jirani, na kila nikikuulizia jibu lake ni moja: amekula, amelala. Barua hii utaletewa na dereva wa lori la maziwa. Atarudi huku kila wiki, kwa hiyo huna kisingizio.

Nina swali la kazi yako. Ile pikapu ya umeme niliyokueleza, ushirika wa wafugaji wameshanikabidhi niizungushie chanjo. Haina mngurumo kabisa. Ng'ombe hawakimbii nikifika, wanaoshtuka ni wenye ng'ombe. Friji ya chanjo imefungwa nyuma na inakula umeme wa betri ileile inayoendesha gari. Tatizo ni tairi. Zile zilizokuja nayo zimekwisha ndani ya miezi kumi na minne. Fundi wa hapa anasema ni uzito wa betri, halafu ni jinsi gari linavyochomoka ukikanyaga tu mafuta. Akacheka mwenyewe, maana mafuta yenyewe hakuna.

Kamati imeniachia nichague, kisha katika kikao cha Aprili niwaeleze kwa maandishi sababu zangu. Kuna tairi za ardhi zote, zenye meno makubwa na ubavu mnene, za matope na mawe. Na kuna za majira yote, zenye meno madogo, za lami kavu na lami iliyolowa. Mwenyekiti wetu anataka za ardhi zote. Anasema pikapu yenye tairi laini ni kama fahali aliyevishwa soksi. Mimi pia naegemea huko, ingawa si kwa ajili ya soksi. Njia zangu ni mbaya, Babu. Kuna mawe makali, na kuna kilima cha udongo mweusi kabla ya josho la mwisho, kama nusu kilomita hivi, mvua ikinyesha kinakuwa sabuni tupu.

Hesabu ni hizi: betri ikijaa inanipeleka kilomita 300. Friji inanila 20. Mzunguko wangu, kutoka kituoni, kwenye majosho yote na kurudi kituoni, ni 240.

Niambie uonavyo. Na habari za kifua chako niambie wewe mwenyewe.

Mjukuu wako,
Kiroboto

11 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Kifua kinafungua asubuhi na kufunga saa sita mchana, kama ofisi yetu ilivyokuwa siku za Jumamosi. Zamani daktari alikuwa ananiandikia dawa za miezi mitatu, siku hizi ananiandikia za wiki mbili. Nimemwelewa. Mama Jirani hakudanganyi: nimekula, nimelala. Katikati ya hayo nimesoma barua yako mara nne.

Nilikagua magari miaka thelathini na mmoja na sikukagua hata moja la umeme, lakini mpira nauelewa. Gari lako ni zito kuliko pikapu yoyote ya kimo chake, kwa hiyo kitu cha kwanza si meno, ni uwezo wa kubeba. Umeandikwa ubavuni. Tairi isiyofikia uzito ule, hata ukipewa bure, ikatae.

Sasa meno. Meno makubwa yanashika matope, na ubavu mnene unavumilia jiwe. Lakini yale meno yanasukuma ardhi kila yanapogeuka, na kusukuma ni kazi, na kazi inatoka kwenye betri. Toa sehemu moja ya saba hivi katika mwendo wako. Katika 300 utabaki na kama 255. Toa 20 za friji, una 235. Mzunguko wako ni 240. Maana yake kila siku utakwama kilomita tano kabla ya kitanda chako, na Mwenyekiti atakuja kukuvuta na huyo fahali wake asiye na soksi.

Lami ikilowa, meno makubwa yanagusa chini kidogo tu, na gari linachelewa kusimama. Kilima chako ni nusu kilomita. Punguza upepo kidogo, panda polepole, ukifika juu ujaze tena. Usiruhusu nusu kilomita ikuchagulie viatu vya safari nzima.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Njia ile naijua nguzo kwa nguzo. Kutoka kituo chako kupita majosho yote na kurudi ni kilomita 204. Wewe umeandika 240. Nilidhani umegeuza tarakimu, lakini tangu utotoni hujawahi kugeuza tarakimu. Na njia ile ni lami karibu yote. Hayo mawe makali unayakuta wapi?

Nijibu hilo kwanza. Na kabla hujanunua tairi yoyote, usiniandikie umri wake. Fanya kama tulivyokuwa tukifanya ofisini. Hatukuamini namba iliyonakiliwa na mtu. Tuliweka karatasi nyembamba juu ya chuma na kuisugua kwa penseli iliyolazwa, mpaka namba ijitokeze yenyewe. Tafuta ubavuni tarakimu nne ndani ya duara refu kama yai. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi ilipotoka kiwandani. Nisugulie unitumie.

Babu yako,
Mkaguzi

19 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hesabu zako zimenikera kwa sababu ni za kweli.

Karatasi uliyotaka niisugue kwa penseli imo ndani ya bahasha hii. Mwenyekiti ana shemeji mwenye stoo, na ndani ya stoo kuna tairi nne za ardhi zote za kimo chetu hasa, hazijawahi kukanyaga barabara. Nimezigusa mwenyewe. Zina vile vinywele vya mpira vinavyokuwapo tairi ikiwa mpya, na zinang'aa. Namba iliyojitokeza ni 3416. Shemeji anasema umri ni wa chupa za dawa, mpira hauna umri. Nikamwambia babu yangu angekusikia angekunyang'anya stoo.

Sasa hilo la kilomita. Nilijua utaliona, sijui kwa nini niliandika namba ya kweli. Sipiti kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Kabla ya kufika pale nakata kushoto, nazunguka kwa njia ya zamani ya machimbo ya mawe, natokea mbele. Ni kilomita kumi na nane zaidi kwenda na kumi na nane kurudi. Ndiyo mawe yako hayo. Ndiyo sababu nataka ubavu mnene. Ushirika hawajui. Wanadhani majosho yako mbali.

Ndiyo sababu pia sijaja kukuona tangu mwaka juzi, kwa kuwa njia ya kuja kwako nayo inapita hapohapo. Nilikwambia ni kazi. Ilikuwa ni kona.

Nina miaka ishirini na saba, Babu. Nimeingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe anayezaa nikamtoa ndama aliyekaa vibaya, na sikutetemeka. Lakini nikifika kwenye lile bango la matofali, miguu inaacha kunisikiliza. Namwona Mama amekaa upande wa kushoto na yule mtu ameshika usukani, anakimbiza gari kwenye mvua kama vile barabara ni yake. Wewe ndiye uliyeandika taarifa, unajua kuliko mimi. Kila mwaka yule mtu ananitumia kadi kutoka kwenye karakana yake ya matairi, na kila mwaka naiweka chini ya droo bila kufungua.

Kwa hiyo hesabu iko hivi. Tairi za majira yote hazitavumilia njia ya machimbo. Tairi za ardhi zote zinaivumilia lakini betri haifiki. Nifanyeje? Nipe jibu la mkaguzi. La babu nalijua, utaniambia nipumzike.

Kiroboto

25 Februari

Kiroboto, mjukuu wangu,

Usizifunge tairi hizo. Nakuanzia na hili ili kama mkono utashindwa kumaliza barua, angalau hili liwe limefika. Zilitoka kiwandani wiki ya thelathini na nne, mwaka wa kumi na sita. Zina zaidi ya miaka tisa. Mpira una umri. Unazeeka hata ukilala stoo, unakauka kutoka ndani, na nje unaendelea kung'aa. Ukiwa na vinywele vyake ndiyo hatari zaidi, kwa sababu unaaminika.

Nayajua haya kwa sababu nimewahi kuyafanya. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya zamani yenye alama ya penseli. Imekaa miaka kumi na mitano katika kopo la sindano za marehemu bibi yako. Isome: 2201. Ni tairi ya nyuma, upande wa kushoto, ya gari la baba yako. Niliisugua mimi, siku ileile, nimepiga magoti kwenye lami, mvua ikininyeshea.

Tairi zile nilimpa mimi. Nilizinunua kwa ajili ya gari langu la zamani, nikaliuza gari kabla ya kuzifunga, nikazihifadhi kwenye banda la mabati nimezifunga magunia. Karibu miaka kumi. Nilijivunia kwamba situpi kitu. Kazini nilikuwa nawakatalia watu magari yao kwa tairi zenye umri mdogo kuliko huo. Nilikuwa nawaonyesha namba kwa kidole na kuwafundisha kama watoto wa darasa la kwanza. Nyumbani nilizitoa kwenye magunia, nikazipangusa, nikamwambia baba yako, chukua, mpya kabisa. Aliinama akaangalia ubavu. Akaniuliza, kwa heshima, "Baba, hizi zina umri gani?"

Nikamjibu, "Unamfundisha mkaguzi kazi?"

Hayo tu. Wiki ya tatu baada ya hapo walikuwa wanakuja kwangu kukuchukua. Ulikuwa umemaliza likizo, umekaa kibarazani na sanduku lako, unakumbuka. Pale kwenye kona tairi ya nyuma ilibanduka ngozi yake yote ya juu kama ganda la chungwa. Gari likazunguka, likagonga ukuta wa kiwanda kwa upande aliokaa mama yako.

Baba yako hakuwa anakimbiza gari. Nilipima alama za breki mwenyewe. Alikuwa kwenye mwendo wa hamsini.

Wilaya nzima mkaguzi nilikuwa peke yangu. Nilitakiwa kukataa kazi ile na kumwita mwenzangu wa wilaya ya pili. Sikukataa. Niliandika: chanzo ni mwendo wa kasi wa dereva katika barabara iliyolowa. Maneno kumi. Baba yako alifungwa mwaka mmoja na nusu na kunyang'anywa leseni. Mahakamani aliulizwa kama ana la kusema juu ya taarifa ya mkaguzi. Alinitazama, akasema hana.

Nimejiuliza kwa nini niliandika vile, na kwa miaka mingi nilikuwa na jibu lililonyooka: kama ningesema ukweli ningefukuzwa kazi, na wewe ungelelewa na nani? Ni uongo. Nilikutumia wewe kama kisingizio, mtoto wa miaka kumi na miwili. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa naogopa watu niliowakatalia magari wasije kusema, tazama. Halafu ulipokuwa unakua na kumchukia baba yako, nilikuwa nanyamaza. Uliponiuliza, nilikuwa nakuambia, tusimseme vibaya, na nilikuwa nasema kwa sauti ambayo ilikufanya umseme vibaya zaidi. Hilo nalo ni kosa, na sikulifanya siku moja. Nimelifanya miaka kumi na mitano.

Nimeandika taarifa mpya ya ajali, kwa fomu ileile ya zamani, nimeweka saini, na Mama Jirani ameshuhudia. Ameisoma yote. Tangu jana ananiletea chakula bila kuzungumza, nami nastahili. Taarifa hiyo imo humu. Ni ya baba yako, si yangu tena wala si yako. Ningeipeleka mwenyewe kama ningeweza kufika hata kwenye geti.

Umeniomba jibu la mkaguzi. Ni hili. Kona ile ni kona ya kawaida, imesanifiwa vizuri, ina mwinuko unaotakiwa. Gari zima lenye tairi nzima linapita pale bila habari. Barabara haikumuua mama yako, wala baba yako hakumuua. Chagua tairi za majira yote, zenye uwezo wa kubeba uzito wako, zilizotoka kiwandani karibuni, upite njia ya lami.

Hasira yako nitaipokea kwa namna yoyote itakavyokuja. Ila siwezi kuisubiri sana, siku zangu zimebaki chache.

Babu yako

20 Machi

Kiroboto,

Dereva wa maziwa amepita mara tatu mikono mitupu. Alinieleza kwamba barua alikukabidhi wewe mwenyewe, ukaisoma ukiwa umesimama, kisha ukaingia ndani ukiwa na mabuti ya josho.

Sikuulizi lolote. Nataka kujua kitu kimoja tu, unaweza kumwambia dereva kwa mdomo: zile 3416, hukuzifunga?

Mkaguzi mstaafu

2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Sikuzifunga. Nilizikata ubavu kwa kisu cha upasuaji mbele ya shemeji wa Mwenyekiti ili asimuuzie mtu mwingine. Kulikuwa na maneno mengi pale. Mwenyekiti aliniita mwendawazimu, kisha akainama akachungulia mpira ulivyokauka ndani, ukimegeka kama mkate wa juzi. Sasa anaenda nyumba kwa nyumba kuwasomea watu namba za tairi zao kama vile yeye ndiye aliyezigundua.

Wiki hizi zote sikukuandikia kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika matusi, na mabaya zaidi ni kwamba yalikuwa yanaanza na shikamoo. Nimekukasirikia, Babu. Bado nimekukasirikia. Ulikuwa unanisuka nywele vibaya kila asubuhi, unanisaidia hesabu, na muda wote huo kopo la sindano lilikuwa juu ya kabati. Sijui niviweke vipi vitu hivyo viwili pamoja. Labda havitawekwa.

Nilizitoa zile kadi chini ya droo. Kumi na tatu. Kila moja ina sentensi moja, na zote zinafanana: Natumaini unapima upepo kila wiki.

Basi nikaagiza tairi nne za majira yote, nikaenda nazo kwenye karakana yake kama mteja. Njia ya kwenda kule haipiti kwenye ile kona. Alikuwa amelala chini ya lori. Aliona viatu vyangu, akatoka polepole, akajifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Ana mvi kuliko wewe. Hakuniuliza nimefuata nini. Alizunguka pikapu, akasema, "Hii nzito. Nani kakuchagulia tairi?"

Nikamwambia, "Babu. Ameniambia yote."

Alichuchumaa. Nilidhani analia, kumbe anasoma ubavu. Alipapasa namba kwa kidole gumba, tairi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ndipo akaanza kufunga. Aliniambia tairi za meno kwenye gari la umeme zingenitia wazimu, kwa kuwa hakuna injini ya kufunika kelele. Ningeendesha huku nasikia kinu cha kusaga siku nzima. Alinionyesha kukaza nati kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, usifuate duara. Nilikuwa najua. Nilimwacha anionyeshe.

Nikampa taarifa yako. Aliisoma akiwa ameegemea jeki. Alichosema atakuandikia mwenyewe, barua yake imo ndani ya hii.

Jumapili ya tarehe 12 tunakuja, sisi wawili. Kuendesha nitaendesha mimi. Njia hatujakubaliana. Yeye anasema ataifuata nitakayochagua, na mimi nasema sijachagua. Kupitia machimbo kwa tairi hizi tutatoboa ubavu. Kupitia kule kwingine, sijui.

Kiroboto

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwandiko wangu unisamehe, vidole vimezoea spana.

Nimesoma taarifa. Iko sahihi isipokuwa mahali pamoja, na kwa kuwa ulitufundisha kwamba taarifa yenye kosa moja si taarifa, nakusahihisha. Umeandika kwamba dereva hakujua umri wa tairi. Dereva alijua. Siku ile uliponijibu vile, nilizipeleka nyumbani, nikazisoma kabla ya kufunga. Ulinifundisha kuisoma ile namba nikiwa na miaka saba, ningeachaje. Nilisoma, nikaelewa, nikafunga. Sikutaka kuzirudisha na kukuonyesha kwamba mkaguzi amekosea. Niliona ni adabu. Mke wangu aliniuliza ni salama, nikasema zimetoka kwa Baba.

Ndiyo sababu mahakamani sikuwa na la kusema. Nilidhani na wewe unajua kwamba najua. Na mtoto alikuwa anahitaji mtu mmoja wa kumwamini. Mimi nilikuwa nimeshapotea, ukabaki wewe. Sikutaka akose wote wawili.

Lakini nimechoka, Baba. Taarifa nitaipeleka, pamoja na marekebisho yangu. Nataka leseni yangu. Miaka kumi na mitano najaribu magari ya watu hadi mwisho wa ua na kurudi.

Nimekusugulia tairi zote nne. Penseli nililaza.

Mwanao

8 Aprili

Wanangu wawili,

Naandika kidogo, pumzi ni ya kugawa.

Wewe mwanangu, marekebisho nimeyapokea. Hayapunguzi langu. Ulizifunga kwa sababu nilikulea uogope kunisahihisha, kwa hiyo hata hilo liandike upande wangu. Lakini nimefurahi umenisahihisha. Ulichelewa miaka kumi na mitano, na mimi ndiye niliyekuchelewesha.

Namba nimezisoma zote. Macho hayaoni vizuri, Mama Jirani alishika taa nami nikashika lenzi. 5125, mara nne. Zina miezi michache tu. Ameanza kuzungumza nami tena, Mama Jirani. Aliniuliza kama watu hao wawili wanapenda chai yenye sukari nyingi au kidogo. Nikamwambia mmoja sijui tena, tutamwuliza.

Kiroboto, umeniuliza njia. Nilikupa jibu la mkaguzi. La babu ni hili: siku nilizobaki nazo ni chache kuliko kilomita zako, na kuzungukia machimbo mnanichelewea nusu saa nzima. Endesha polepole upendavyo. Miguu ikiacha kukusikiliza, simama pembeni, mwachie baba yako azungumze chochote, hata habari za nati.

Njooni kwa njia fupi.

Babu

13 Aprili

Kwa Mwenyekiti na Kamati,
Ushirika wa Wafugaji

YAH: UCHAGUZI WA TAIRI ZA PIKAPU YA CHANJO

Ndugu Mwenyekiti,

Kama mlivyoniagiza, naeleza sababu za uchaguzi wangu.

Nimechagua tairi za majira yote, zenye uwezo wa kubeba uzito wa gari hili. Zimefungwa tarehe 2 Aprili. Tairi za ardhi zote zingepunguza mwendo wa betri kiasi cha gari kushindwa kurudi kituoni huku friji ya chanjo ikiwaka. Kwa kilima cha udongo mweusi nimenunua pampu ndogo ya upepo na koleo. Kuhusu suala la soksi lililotolewa na Mwenyekiti, nina hakika fahali atazoea.

Narekebisha pia taarifa yangu ya awali. Niliandika kwamba mzunguko wa majosho ni kilomita 240. Si kweli. Nilikuwa nakwepa sehemu ya barabara kuu kwa sababu zangu binafsi, na nilitumia umeme wa ushirika kufanya hivyo. Naomba radhi. Mzunguko kwa njia ya lami ni kilomita 204.

Kona ya kiwanda cha matofali ilipitiwa na gari hili jana, tarehe 12 Aprili, asubuhi, mvua ikinyesha, mwendo wa arobaini, abiria mmoja. Gari lilisimama kwa muda kabla ya kona, kisha likaendelea. Hakuna tatizo lililoonekana. Kiwanda kimefungwa, siku hizi pale wanauza vyungu vya maua.

Jioni ya siku hiyo gari lilirudi kwa njia hiyohiyo.

Daktari wa mifugo

Aliyefunga: Fundi wa matairi. Nimekaza nati zote, nimerudia kuzikaza baada ya safari.

Aliyekagua (nyumbani kwake, 12 Aprili): Nililetewa kiti hadi nje, nikazigusa tairi zote nne na kuzisoma namba kwa kidole changu mwenyewe, fundi akiwa amenishika mkono. Ni nzima. Gari lipite.
Mkaguzi wa magari, mstaafu